Wimbo Mzima Kwenye Simu Yako

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua nyimbo za kuweka kwenye simu au kifaa chochote cha kusikilizia muziki. Nitaegemea nyimbo ninazozijua zaidi, dansi na taarabu. Wapenzi wa bongo fleva msinune, mengi yatawahusu.

Kaseti iliyozoeleka ilikuwa ya dakika 60, yaani 30 kila upande. Taarabu za dakika 14 zikiingia mbili, upande umejaa. Aliyetaka kujirekodia kaseti ya safari ilimbidi akae afikiri: upi uingie, upi ubaki. Mwaka 2001 Apple walipotoa iPod ya kwanza, ya gigabaiti 5, waliinadi kwamba inabeba nyimbo 1,000. Leo memori kadi ya gigabaiti 8, ambayo wengi mnaiona ndogo, inabeba muziki wa zaidi ya saa 130 kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde. Mtu anakwenda kibandani, anamwambia kijana "nijazie za zamani", anaondoka na folda nzima asiyoijua. Kisha kila siku kazi yake ni kuruka wimbo, kuruka tena, mpaka aukute ule mmoja anaoutaka. Nyimbo zile amechaguliwa na kijana wa kibandani.

Mimi nawashauri mzime simu, mchukue karatasi. Andika nyimbo zinazokujia kichwani zenyewe: ile unayoiimba ukiwa unafua, ile ambayo mama aliongeza sauti ya redio kila ilipopigwa. Zikifika thelathini, umepata pa kuanzia. Usione haya kama orodha yako haifanani na ya mwenzio.

Sasa lipo jambo linaloniuma, na ndilo hasa lililonileta hapa. Nyimbo nyingi za dansi tunazobeba si kamili. Bendi zetu za miaka ya 1970 zilitolewa kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, na upande mmoja haukutosha wimbo mrefu. Basi wimbo ukakatwa: upande A sehemu ya kwanza, upande B sehemu ya pili. Sehemu ya kwanza mara nyingi ina hadithi, mwimbaji analalama, waitikiaji wanapokea. Ya pili ndiyo chemko: gitaa la solo linapanda, la rithim linajibu, la besi linazunguka chini, na wachezaji wanajimwaga ukumbini. Aliyeingiza santuri kwenye kompyuta akarekodi upande mmoja tu, na nakala hiyo ndiyo ikasambaa. Unasikiliza, magitaa yanaanza kuchangamka, sauti inafifia, kimya. Kuna watu wazima wanaoupenda wimbo miaka yote na hawajawahi kuisikia nusu yake ya pili!

Kwa hiyo, kabla ya kuweka wimbo, angalia dakika zake. Dansi ya wakati ule ikiishia dakika nne na sauti inafifia, itilie shaka, tafuta upande wa pili. Ukizipata sehemu zote mbili, ziunganishe ziwe faili moja. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Usipoziunganisha, siku ukiruhusu simu ichanganye nyimbo, sehemu ya pili itatangulia ya kwanza. Tafuta pia nakala za Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa sababu bendi zilirekodi pale kwenye mkanda, na mkanda haukuhitaji kugeuzwa.

Taarabu nayo hukatwa kichwa. Mtu anaondoa milio ya mwanzo ya fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ili mwimbaji aanze haraka. Msizikubali nakala hizo. Ila tofautisheni: Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipokwenda Bombay, India, mwaka 1928 kurekodi, santuri za mizunguko 78 zilibeba takriban dakika tatu kila upande, kwa hiyo ufupi mnaousikia pale ni wa santuri yenyewe.

Kuhusu ubora, nafasi si tatizo tena. Chukua nakala nzito, yenye kilobiti nyingi kuliko zote unazoweza kupata. Wimbo wa dakika 12 kwa kilobiti 320 ni kama megabaiti 29 tu. Na andikeni majina: wimbo, bendi, mwimbaji. "Track 07" haimtendei haki mtu aliyepuliza tarumbeta usiku kucha. Nakala nyingine iwekwe nje ya simu, maana simu huibiwa.

Kabla ya maswali nitawapigia kipande kilekile mara mbili, kwanza kwa kilobiti 64, kisha 320. Msisikilize mwimbaji. Sikilizeni matoazi, halafu mniambie ni lipi mmelikosa mara ya kwanza.