Mkono wa Baba: Kwa Nini Filamu Moja ya Mapenzi Huwagusa Watu Wasiofanana

Mwenyekiti wa kikao, wazee wetu, walimu wenzangu na wanafunzi, habari za jioni.

Nilipoombwa kuja kuzungumza juu ya filamu za mapenzi, bibi mmoja wa mtaani kwetu aliyesikia habari hiyo alinicheka, akaniuliza kama wasomi wamekosa la kusema. Kabla sijamjibu, akaanza mwenyewe kunisimulia Awaara, picha la Kihindi aliloliona alipokuwa msichana. Aliisimulia mpaka chai ikapoa, na kilichonishangaza ni kwamba katika masimulizi yake yote wapenzi wawili, Raj na Rita, walitajwa kwa kupita tu. Aliyemkumbuka ni baba wa Raj, yule hakimu, na baada ya miaka yote hiyo hasira yake juu yake ilikuwa bado mbichi.

Mazungumzo yale ndiyo yaliyonipa hoja ya leo. Tunapouliza kwa nini watu hupenda filamu za mapenzi, kwa kawaida tunawatazama wapenzi: uzuri wao, machozi yao, nyimbo zao. Lakini wapenzi wa filamu wanafanana mno, na ukiwatoa nguo utapata shida kumtenganisha mmoja na mwingine. Anayeipa filamu sura yake ni yule anayewazuia. Hapo ndipo watazamaji wanapotofautiana, kwa kuwa kila mtu humtambua mzuiaji kwa kumlinganisha na yule anayemjua nyumbani kwake.

Niirudie Awaara, maana inastahili. Ilitolewa mwaka 1951 chini ya uongozi wa Raj Kapoor, ambaye ndiye pia aliyekuwa steringi wake, naye Nargis akacheza kama Rita. Hakimu Raghunath anamfukuza mkewe mjamzito kwa sababu mke huyo alitekwa na jambazi Jagga, na watu wameanza kunong'ona. Jagga anafanya hayo kwa kisasi, kwani hakimu alikuwa amemhukumu bila kosa, kwa hoja moja tu kwamba mwana wa mhalifu lazima awe mhalifu. Mtoto anazaliwa mitaani, analelewa katika ufukara, na Jagga anahakikisha kwamba mwana wa hakimu anakuwa mwizi. Rita, rafiki wa utotoni wa Raj, analelewa chini ya hakimu huyohuyo, anasoma sheria, na mwishowe ndiye anayemtetea Raj mahakamani na kumhoji mlezi wake mbele ya watu. Hakimu alichezwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor, kwa hiyo aliyekuwa akimkana mwanawe kwenye pazia la sinema alikuwa kweli baba yake. Sijui mtu anaweza kubuni jambo kubwa kuliko hilo.

Mwanahistoria Laura Fair, aliyewahoji wazee wengi kuhusu historia ya sinema katika miji yetu, ameeleza jinsi picha hili lilivyokaa katika kumbukumbu za watu wa Zanzibar wa kizazi kile. Wengi wao hawakujua Kihindi, wala hapakuwa na maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Walifuata kwa nyuso, kwa nyimbo, na kwa jirani wa kiti cha pili aliyejua kidogo akawa mkalimani wa safu nzima. Wanawake waliokuwa hawawezi kukaa ukumbini pamoja na wanaume waliwekewa maonyesho yao peke yao. Nyimbo ziliwafuata watazamaji mpaka nyumbani, na mtu aliyekosa tiketi alizisikia kwa mlango mwingine, maana waimbaji wa taarabu, na mfano mkubwa ni marehemu Juma Bhalo wa Mombasa, walitia maneno ya Kiswahili katika lahani za filamu za Kihindi.

Sasa fikirieni msichana wa Mji Mkongwe wa miaka ile, anayejua kwamba atakapoposwa litaulizwa kwanza swali la "mtoto wa nani, ukoo gani?" Hakimu anaposema kwamba damu ndiyo inayoamua mtu awe nani, msichana huyo hahitaji mkalimani, kwa kuwa ameyasikia maneno hayo barazani kwao, pengine juma lilelile. Na kijana wa kiume aliyekaa upande wa pili, ambaye mahari anayotakiwa kutoa hayalingani na kipato chake, anaona jambo jingine kabisa: anaona mtu maskini aliyefungiwa mlango, kisha akaulizwa kwa nini hakuingia. Ukumbi ni mmoja na picha ni moja, lakini kila mmoja ametoka na filamu yake.

Miaka tisa baadaye, yaani 1960, Prithviraj Kapoor alisimama tena mlangoni, safari hii akiwa mfalme Akbar katika Mughal-e-Azam ya K. Asif, baba anayeingia vitani na mwanawe Salim kwa sababu Salim amempenda Anarkali, mchezaji ngoma wa kasri. Sehemu kubwa ya filamu hiyo ni ya rangi nyeusi na nyeupe, lakini Anarkali anapocheza na kuimba mbele ya mfalme katika ukumbi wa vioo, picha inafunguka na kuwa ya rangi, na sura yake inajaa dari nzima, vipandevipande, kiasi kwamba Akbar hana pa kutazama ambapo hamwoni. Nawaomba mnaoipenda filamu hiyo mnisamehe kwa kuipita haraka, kwa kuwa nataka kufika mwaka 1995.

Dilwale Dulhania Le Jayenge ya Aditya Chopra ilitoka mwezi wa Oktoba mwaka huo, na katika ukumbi wa Maratha Mandir mjini Mumbai, karibu na kituo kikuu cha treni, imeonyeshwa kwa zaidi ya wiki 1,000. Wanaoingia pale mchana ni wasafiri wanaosubiri treni, madereva, vijana waliokuja wawili wawili, na watu waliokwisha kuiona mara nyingi hata wanayatamka maneno kabla ya waigizaji. Shah Rukh Khan ni Raj, Kajol ni Simran mpenzi wake, na baba wa Simran, Baldev, mwenye duka jijini London, amechezwa na Amrish Puri. Watazamaji wengi walikuwa wamemzoea Amrish Puri kama adui, mwenye sauti ya ngurumo na macho yaliyotoka nje, kwa hiyo kila anapoingia chumbani mwili unasisimka hata kama amekuja kula tu. Amemwahidi rafiki yake wa Punjab kwamba Simran ataolewa na mwana wa rafiki huyo, na ahadi ni deni.

Ufundi wa filamu hii uko katika jambo moja dogo. Mama wa Simran, Lajjo, anawaletea vijana wale vito vyake vya dhahabu na kuwaambia watoroke. Amekwisha kumweleza binti yake jinsi yeye mwenyewe alivyonyimwa masomo ili kaka zake wasome, na jinsi alivyoapa kwamba bintiye hatapita njia hiyo, kisha akagundua kwamba mwanamke hana hata haki ya kuapa. Raj anakataa dhahabu, kwa kuwa anataka kupewa mke, na aliyemkusudia kuwa mtoaji ni Baldev mwenyewe.

Hapo pana filamu tatu. Kijana anaona ushujaa mpya, wa mtu asiyekimbia. Mzazi anaona heshima, na ninashuku kwamba ndiyo sababu filamu hii iliweza kuangaliwa sebuleni, babu na wajukuu kwenye jamvi moja, bila mtu kuinuka kwa kisingizio cha kwenda kunywa maji. Mama anamwona Lajjo. Kwa maoni yangu, mama ndiye anayeiona filamu iliyo bora kuliko zote tatu, ingawa waongozaji wenyewe walimpa Lajjo dakika chache mno.

Wasichana ninaowafundisha wana filamu ya nne. Wao huniuliza kwa nini Simran hatoi uamuzi hata mmoja katika nusu ya pili, na kwa nini wacheke Raj anapomtania safarini kule Uswisi, asubuhi Simran alipoamka hakumbuki yaliyopita usiku, kana kwamba wamelala pamoja. Sina jibu la kuwaridhisha. Katika tukio la mwisho treni inaondoka, Raj yumo mlangoni akiwa amejaa damu, na Baldev ameushika mkono wa Simran kwenye kifundo. Simran anamsihi na kujivuta. Kisha vidole vinaachia, na baba anamwambia aende akaishi maisha yake. Ukumbi wa Mumbai hupiga makofi hapo. Wanafunzi wangu huutazama ule mkono na kusema kwamba, hata wakati wa kuachia, mwenye kuachia ni baba.

Mtaniuliza: je, filamu za Magharibi? Titanic ya mwaka 1997 ilipata tuzo 11 za Oscar, na hapa kwetu iliangaliwa mpaka kanda zikachakaa. Lakini nakumbuka kibanda umiza kimoja, kijumba cha kuonyeshea video, ambamo, Jack alipozama, ilizuka kelele ya watu waliohisi wametapeliwa, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba steringi hafi. Mzuiaji wa filamu ile ni maji ya baridi. Yule mchumba tajiri wa Rose, aliyemtangulia Jack, alikuwa mwepesi mno, na bahari huwezi kuibembeleza wala kuipelekea wazee wa posa. Walioipenda zaidi, kwa niliowasikia mimi, ni wale waliowahi kufiwa.

Nimalizie kwa bibi yangu wa mtaani. Wiki iliyopita nilimpelekea filamu ile ya 1995, mjukuu wake akaifungua kwenye runinga, nasi tukaiangalia kwa awamu mbili kwa sababu ya swala. Alinyamaza karibu muda wote. Treni ilipoanza kutembea na Baldev akaachia, alivuta pumzi, akasema, "Huyu angalau kauachia mkono." Kisha akamwomba mjukuu wake arudishe nyuma, pale mama anapoitoa dhahabu.