Mwili Hujua Kabla ya Akili

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Naomba tuanzie mlangoni, maana mlango ndio wa kwanza kuuambia mwili umefika mahali pa namna gani.

Huko Japani, katika karne ya 16, wajuzi wa sherehe ya chai, yaani desturi ya kumwandalia mgeni chai kwa utaratibu maalumu, walijenga vibanda ambavyo mgeni aliingilia kitundu chenye kimo cha kama sentimita 66. Hupiti umesimama. Unapiga magoti, unainamisha kichwa, unajivuta ndani. Samurai, yaani shujaa wa vita wa Kijapani, aliacha upanga wake nje. Hakuna aliyemhimiza kuwa mnyenyekevu, mlango ulishaimaliza kazi hiyo. Na ndani, vibanda vingine vikiwa na nafasi ya mikeka miwili tu, sauti inashuka yenyewe.

Sasa twende Roma, tuingie Pantheon, hekalu la karne ya 2. Kuba lake lina upana wa mita 43 na ushei, na kutoka sakafuni hadi tundu la kileleni ni mita hizohizo. Tundu hilo halina kioo. Jua huingia likatembea ukutani saa baada ya saa, mvua nayo hunyesha mle ndani, na sakafu imetobolewa ili maji yapate njia. Kila aingiaye hutazama juu bila kuombwa.

Lakini ukubwa una mahali pake, na hapa huwa nabishana na wasanifu majengo wenzangu. Ofisi ya kumhudumia mwananchi ikijengewa ngazi ndefu na nguzo nene, mtu hufika dirishani tayari amenywea. Kwangu hilo ni kosa, hata jengo liwe zuri vipi.

Ninaloliheshimu kuliko yote ni hospitali ya kifua kikuu ya Paimio, Ufini, iliyokamilika mwaka 1933. Msanifu wake, Alvar Aalto, hakupima chumba kwa mtu aliyesimama, alikipima kwa mtu aliyelala. Mgonjwa alitazama dari mchana kutwa, basi dari ikapakwa kijani kilichotulia, taa ikawekwa isipomchoma macho, joto likaelekezwa miguuni. Wagonjwa walilazwa wawili wawili, kwa hiyo beseni la kunawia likapewa mteremko wa kuyapokea maji bila kelele. Hebu fikirini: usiku wa manane mmoja ananawa mikono, na mwenzake, hatua chache tu kutoka hapo, anaendelea kulala.