Yameisha kwa Nani?

Asanteni. Mshereheshaji amenipamba kwa vyeo vingi; mimi ni tabibu tu, na nimekuja na kisa kinachonisuta.

Miaka kadhaa iliyopita aliingia chumbani kwangu binti wa miaka 19. Kichwa kinauma, moyo unaenda mbio, usingizi hakuna. Kiti cha mgonjwa kilikuwa kimeupa mlango mgongo. Akakigeuza kwanza, ndipo akakaa, mkoba kaupakata. Nikaandika kipimo cha malaria. Hana. Nikampa dawa ya maumivu, akaenda zake. Alirudi mara tatu, na mara zote akakigeuza kile kiti, nami nisiulize. Aliyeuliza ni mama wa usafi: "Mwanangu, unamwogopa nani?" Ni mjomba, tangu binti ana miaka 9. Wazee walikaa kikao, mjomba akatozwa mbuzi, wakasema yameisha.

Yameisha kwa nani?

Wala si yeye peke yake. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2009 uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24: karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hao wavulana, jamani, kwangu hawaji kabisa.

Sasa tazameni tulichonacho. PF3, ile fomu ya polisi ya aliyedhuriwa, ipo. Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi lipo. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ipo. Dawa ya kuzuia VVU ndani ya saa 72, hata mkiamshwa usiku mtaitaja. Sivibezi, vinaokoa watoto. Ila vimeshonwa kwa tukio la jana. Anayekuja miaka 10 baadaye hana jeraha la kuonyesha, na kwa ustawi wa jamii si mtoto tena. Tunamwandikia rufaa. Akisikia Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili kule Dodoma, anasikia kuitwa mwendawazimu. Karatasi inaishia kwenye mkoba.

Mtasema wataalamu hawatoshi. Kweli. Lakini Moshi, na Bungoma kule Kenya, watu wasio wataalamu wa afya ya akili walifundishwa kuendesha tiba ya mazungumzo kwa watoto waliofiwa na wazazi, vikao 12 vya kikundi. Matokeo yalitoka 2020: sehemu nyingi, watoto wale walipata nafuu kuliko waliopewa huduma za kawaida. Najua, kufiwa si sawa na kubakwa. Wa kwetu huyu ana siri, na kikundini huenda asifungue mdomo. Lakini kazi inafundishika. Inataka chumba chenye mlango unaofungwa, saa nzima, na mtu yuleyule wiki ijayo. Kwetu ushauri nasaha ulifanyikia kwenye benchi la koridoni, mkabala na foleni ya chanjo. Nani atasema la mjomba pale?

Yule mama wa usafi, nilipopendekeza aende semina ya unasihi, niliambiwa hana sifa. Haya, karibuni maswali.