Pikipiki ya Umeme: Mnunuzi Anaogopa Nini, na Serikali Imtoe Hofu Gani

Wenyeviti wa sacco, maofisa wa kaunti, na nyinyi vijana mlioegesha nje mkaingia, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie soko la vyombo vya umeme na kazi ya serikali katika soko hilo. Nitabaki kwenye boda, maana hapa Kenya ndipo mnunuzi anapoonekana vizuri: jioni anazihesabu shilingi zilizobaki mkononi, na hesabu hiyo ndiyo inayoamua kesho atapanda nini.

Tuseme anakwenda kilomita 120 kwa siku. Petroli ikimpa kilomita 40 kwa lita, anachoma lita 3. Lita ikiwa 180, hizo ni shilingi 540. Pikipiki ya umeme hula kama wati-saa 40 kwa kilomita, jumla uniti 4.8, uniti moja ikiwa wati-saa 1,000. Ongeza sehemu ya kumi inayopotea kwa joto la chaja, unapata 5.3. Mwaka 2023 EPRA, mamlaka inayosimamia nishati nchini, ilipitisha bei maalumu ya kuchajia vyombo vya umeme: shilingi 16 kwa uniti, na 8 saa za usiku ambapo matumizi yako chini, kabla ya tozo. Kwa bei hiyo analipa kama 85 mchana, au 42 usiku. Mbona basi steji bado zinanuka petroli?

Betri haimo kwenye hesabu hiyo. Betri ya volti 72 na ampea-saa 40 inabeba uniti 2.9 hivi. Usipoikamua hadi tone la mwisho inakupa 2.5, yaani kilomita 62. Kwa hiyo siku ya kazi inakula karibu chaji mbili za betri hiyo. Ikiwa imetengenezwa kuchajiwa mara 2,000 kabla ya kushuka hadi asilimia 80 ya uwezo wake, inamaliza chaji hizo katika siku elfu moja na ushei. Pikipiki kuukuu ya petroli unaipiga kiki, unasikiliza injini, unaangalia moshi, unapatana bei. Betri kuukuu haina mlio. Mnunuzi wa pili hawezi kujua imebakiza asilimia 90 au 65, kwa hiyo anaipa bei ya mbovu. Mnunuzi wa kwanza analijua hilo kabla hata hajanunua.

Hapo ndipo serikali ina kazi, na kwangu kazi hiyo inatangulia ruzuku: kila betri isomeke afya yake kwa kifaa ambacho fundi yeyote anaweza kushika, na soketi, volti na mawasiliano kati ya betri na pikipiki yafuate kiwango kimoja. Leo betri ya kampuni hii haiingii kwenye pikipiki ya kampuni ile. Hata ikiingia, pikipiki inakataa kuwaka.

Suala la pili ni mita. Ile bei ya 16 inahitaji mita yake. Kijana anayechaji chumbani kwake analipa bei ya nyumbani, tena kuna mtego. Uniti 5.3 kwa siku 26 za kazi ni 138 kwa mwezi. Bei ya nyumbani hupanda kwa ngazi, na ngazi ya juu huanza ukipita uniti 100. Pikipiki peke yake imemvusha, kabla hajawasha taa.

Na anapochaji na wenzake, tuangalie waya, kwa sababu hapo moto huanza. Chaja ya ampea 10 kwenye betri ya volti 72 huvuta kama wati 930, chini ya ampea 4 ukutani. Moja haina neno. Kumi kwenye ekstensheni moja ni ampea 39, na waya wa milimita 1.5 za mraba hauvumilii hata nusu yake. Plagi inayeyuka kwanza, kisha waya. Kila chaja mbili au tatu zipewe waya wa 2.5 na swichi yake ya kukata umeme. Betri iliyotoka kupanda mlima na abiria wawili ipumzike kwanza. Ikipita nyuzi 45, mfumo wake wa ulinzi hukataa chaji, na vijana hudhani imekufa.

Sasa ruzuku. Ujerumani ilitangaza Jumamosi, Desemba 2023, kwamba mwisho wa kuomba ruzuku ya gari la umeme ni kesho yake. Magari mapya ya umeme yaliyosajiliwa yakashuka kutoka 524,219 mwaka huo hadi 380,609 mwaka 2024. Norway iliondoa ushuru wa ununuzi wa gari la umeme mwaka 1990 na VAT mwaka 2001, ikaacha gari la petroli libebe ushuru mzito, na ilipoanza kurudisha VAT mwaka 2023 iligusa tu sehemu ya bei inayozidi kroni 500,000. Mwaka 2024 karibu magari 9 kati ya 10 mapya yalikuwa ya umeme. Rwanda imekwenda kwa njia ya usajili: tangu Januari 2025 pikipiki mpya ya abiria jijini Kigali lazima iwe ya umeme, na za zamani zinaendelea hadi zichoke. Hiyo naiona ya busara, mradi vituo vya kuchaji na kubadilishia betri vitangulie amri.

Nimeulizwa hapo mbele: dereva anunue pikipiki na betri yake, au betri aikodi? Ukienda chini ya kilomita 60 kwa siku na una mahali pa kufunga mita, nunua. Ukipita 100, kodi betri na uibadilishe kituoni kwa iliyojaa, lakini kabla ya kusaini uliza vituo vingapi viko wazi baada ya saa tatu usiku kwenye njia yako, chaji iliyobaki kwenye betri unayorudisha inahesabiwa vipi, na kampuni ikifunga, pikipiki yako itawashwa na betri ya nani.