Usaha Unaopanda Kutoka Sikioni

Wenzangu wa zahanati, nimeitwa niseme juu ya majipu, yaani mifuko ya usaha, ya ubongo na uti wa mgongo, lakini naanza na sikio. Mnamjua yule mtoto: pamba sikioni, usaha unanuka, mama anasema "ameshalizoea". Juu ya sikio la kati pana mfupa mwembamba kama ganda la yai, na ubongo umelala juu yake. Usaha ukiutoboa, umefika.

Mwaka 1876 kule Glasgow, Uskoti, daktari William Macewen alimpima mvulana akasema ana jipu ndani ya ubongo, akataja na mahali lilipo. Wazazi wakakataa asipasuliwe. Mtoto akafa. Macewen akafungua fuvu baada ya kifo, akaukuta usaha palepale alipopataja. Mimi siwalaumu wale wazazi. Nani angekubali, mwaka ule, mwanawe atobolewe kichwa? Kufikia 1893 Macewen alikuwa amepasua wagonjwa 19 wenye jipu la ubongo, wakapona 18. Penisilini hakuna, CT-scan, ile picha ya ndani ya kichwa, hakuna.

Sisi tunavyo, ila tunangoja homa. Karibu nusu ya wagonjwa hawa hawana homa! Sikio bovu, kichwa kinachozidi kuuma, kutapika: andika rufaa. Na tafadhali, asitolewe maji ya uti wa mgongo kabla ya picha. Ukipunguza mgandamizo huku chini, ubongo unasukumwa kwenye tundu la fuvu, na mtu anaacha kupumua mkononi mwako. Akishatolewa usaha, ajiandae kwa antibayotiki za mshipa, kwa kawaida wiki 6 hadi 8.

Sasa mgongo, ambako jipu hubana uti. Mtu wa kisukari anaumwa mgongo mahali pamoja. Ukigonga hapo kwa kidole, anaruka. Tunampa diklofenaki ya maumivu, anaondoka. Anarudi amebebwa. Wengi tunawaza kifua kikuu cha mgongo, na si kosa, lakini hicho mara nyingi hutambaa kwa miezi. Jipu la mgongo linaweza kumaliza miguu kwa siku chache, na akishapooza kabisa siku moja au mbili, hata akipasuliwa, mara nyingi miguu hairudi.

Ndiyo, dada pale nyuma, umeuliza utamjuaje mapema. Muulize mkojo, maana uti ukibanwa nao hukwama: unatoka vizuri, au anasimama anasubiri? Mwenyewe hatasema, ataona haya, hasa mzee akihudumiwa na binti. Kama kaletwa na mkwe, mtoe mkwe nje kwanza, ndipo uulize.