Kilkenny: msiishie kwenye ngome

Shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi! Leo nipo Kilkenny, Ayalandi, na mvua imeamua kutembea nami. Hebu nigeuze kamera. Ile pale, kando ya mto Nore, ndiyo ngome. Ilijengwa kwa mawe mwanzoni mwa karne ya 13, enzi za William Marshal, bwana mkubwa aliyetawala eneo hili. Ukoo wa Butler ukainunua mwaka 1391, wakakaa humo hadi 1935. Halafu mwaka 1967 wakawaachia watu wa mji kwa pauni 50. Hamsini, jamani! Angalieni vizuri: ina pande tatu tu. Ule wa nne uliharibiwa jeshi la Cromwell, jenerali wa Uingereza, lilipouzingira mji mwaka 1650, basi ua ukabaki wazi. Mimi naona umependeza zaidi hivyo.

Wageni wengi wakishapiga picha hapa wanaondoka. Wanakosa uhondo. Twende juu mtaani.

Hii ni Tholsel, jengo la halmashauri la mwaka 1761. Matao yake yamefunika njia ya waenda kwa miguu, kwa hiyo asanteni wazee, nimepata pa kujikinga. Na kichochoro hiki ni Butter Slip, palipokuwa pakiuzwa siagi. Kwa wembamba wake, mtoto wa Lamu asingepotea humu.

Sasa nilichowaitia: Rothe House. Si ya bwana mkubwa mwenye jeshi, ni ya mfanyabiashara, John Rothe. Alianza mwaka 1594, akamaliza 1610. Mbele kuna matao, ukipita unakuta ua, kisha nyumba ya pili, ua mwingine, nyumba ya tatu, na nyuma kabisa bustani. Kila familia ilipoongezeka, akaongeza nyumba. Huyu namwelewa!

Subirini, niwasogezee jiwe. Mnaona? Likilowa hivi linakuwa jeusi tititi. Wenyewe wanaliita marumaru, lakini ni jiwe la chokaa, na ndani yake kuna vidoa vyeupe: ni mabaki ya viumbe vya baharini vya mamilioni ya miaka. Katika kanisa kuu la St Canice wamelichonga makaburi ya akina Butler, na yanang'aa mpaka leo.

Kando ya kanisa hilo kuna mnara wa duara, mita 30 hivi, na watu wanaruhusiwa kupanda hadi juu. Ngazi zake ni za mbao na zimesimama wima, kwa hiyo simu naitia mfukoni. Tutaonana juu.