Oveni Inaunguza Kila Kitu? Tazama Mrija wa Themostati Kwanza

Haya, karibuni tena. Leo tuna oveni ya umeme inayopitiliza joto. Unaweka 180, keki inatoka juu mkaa, katikati uji.

Tuipime kwanza. Weka kipimajoto cha oveni katikati, funga mlango, subiri taa ya kupasha iwake na kuzima mara 3 au 4. Sindano ikipanda na kushuka nyuzi 10 au 15, usihangaike, themostati za mrija, yaani swichi inayokata na kurudisha umeme kufuata joto, ndivyo zilivyo. Hii yangu... ngoja nisogeze kamera... 245! Hiyo si oveni tena, ni tanuri la chokaa.

Chomoa plagi. Kama imeungwa ukutani moja kwa moja, zima swichi kuu, kisha upime kama umeme umekatika kweli. Iache ipoe. Rafu nje, skrubu za nyuma nje, hayo mnayajua. Glavu vaeni, hii pamba ya kuzuia joto inawasha.

Sasa hapa, taratibu. Mnaona huu mrija wa shaba, mwembamba kama uzi wa kufumia? Kule mwisho una kichwa kirefu kinachoingia ndani ya oveni. Kina kimiminika. Kikipata moto kinatanuka, kinasukuma kiwambo huku kwenye themostati, umeme unakatika. Mrija ukipasuka, kimiminika kinavuja, na oveni inapasha tu bila kujua pa kuishia. Usiukunje! Wa kwanza kabisa niliukunja kona kama hanga ya nguo. Ukalia tik. Themostati mpya, hasara yangu.

Ahaa, tazameni. Kichwa kimechomoka kwenye klipu, kimerudi nyuma kwenye pamba. Huko kuna ubaridi, kwa hiyo themostati inadhani oveni bado haijapata moto. Nakirudisha... subiri, kamera imeanguka. Sawa. Nakirudisha kwenye klipu, kisiguse koili ya kupasha wala ukuta. Mrija uliozidi uzungushe mduara mpana, kama mdomo wa kikombe. Nimesema kona? Hakuna kona!

Kama kichwa chako kiko mahali pake, chukua mita ya umeme, iweke kwenye kipimo cha mlio. Piga picha ya waya za themostati, zichomoe, weka kitufe cha joto kwenye sifuri, gusisha ncha za mita pale waya zilipokuwa. Mita ikilia, kontakti za ndani zinazokata umeme zimegandana, badilisha themostati, na mpya iwe na mrija wa urefu uleule. Oveni za kidijitali hazina mrija, zina sensa. Ile ya aina ya PT1000, ambayo ukinzani wake hupanda na joto, ikiwa kwenye joto la kawaida la chumba husoma omu 1,080 hivi. Ikiwa sensa ni nzima, shuku rilei, ile swichi ndogo ya umeme, iliyoganda kwenye bodi ya elektroniki, ila bodi mimi huwaachia mafundi wake, sina subira nazo.

Funga, washa, 180. Tunangoja... 176... 184, taa imezima. Safi sana!

Sasa hii skrubu iliyobaki mezani ni ya wapi? Haya, chomoa plagi, tunafungua tena.